Ukienda Japani na Fedha Zako, Tafuta Mshenga Kwanza

Katika mtaa wa Gion, mjini Kyoto, zipo nyumba za burudani ziitwazo ochaya ambazo hazitakufungulia mlango hata ukifika na kadi ya benki isiyo na kikomo. Hazina bango la bei wala orodha ya vyakula ukutani. Anayebisha hodi bila kutambulishwa huambiwa, kwa adabu nyingi na kichwa kikiinamishwa, kwamba leo nafasi imejaa. Kesho pia imejaa. Msafiri aliyezoea Dubai au Paris, ambako fedha hutangulia na mwenyewe hufuata nyuma, hushangaa, na wengine hukasirika. Makala hii imeandikwa kumwahi kabla hajafika hapo.

Sababu ya mlango kufungwa ni ya kibiashara kabisa. Kwa desturi, mgeni wa ochaya halipi usiku ule. Mwenye nyumba ndiye anayeagiza chakula kutoka jikoni la mgahawa mwingine, anayewaita wasanii, anayetafuta teksi ya kumrudisha mgeni hotelini, na hesabu hutumwa baadaye. Mgeni akikataa kulipa, au akilewa akafanya fujo, deni na aibu humwangukia yule aliyemleta. Wasomaji wetu wanaujua utaratibu huu kwa upande wa posa: kijana haendi mwenyewe kwa wakwe, hutumwa mshenga anayeaminiwa na pande zote mbili. Japani ya jadi, kuanzia ochaya hadi karakana ya mfinyanzi mkubwa, huendeshwa kwa washenga. Fedha zako zitalipia kilichomo ndani. Wa kukufungulia ni mtu.

Mshenga huyo anapatikana wapi? Kwa mgeni wa kutoka nje, njia ziko tatu. Ya kwanza ni hoteli kubwa za Kyoto, Tokyo na Kanazawa, ambazo zina wahudumu maalumu wa kushughulikia maombi ya wageni. Wale wazuri wana uhusiano wa miaka mingi na nyumba hizi. Ya pili ni wakala wa safari aliyebobea katika sanaa, tofauti na wakala wa kawaida wa tiketi na vyumba. Ya tatu, ninayoipenda kuliko zote, ni mama mwenye nyumba ya wageni ya jadi, aitwaye okami. Ukikaa kwake usiku mbili tatu na akakuona mstaarabu, milango mingine huanza kufunguka kwa simu moja tu. Njia hii haiharakishwi, na kwa safari ya kwanza huenda usiiwahi. Safari ya pili inaanzia hapo.

Mwandikie mshenga wako mapema, miezi mitatu hadi sita kabla, na mwandikie kwa ufasaha. Ombi la "nataka kuona geisha" halimsaidii na linakushusha hadhi. Mwambie mko wangapi, umri wenu, mnapenda nini, mnaweza kukaa sakafuni au magoti hayaruhusu, nani hanywi pombe na nani hali nguruwe, na bajeti yenu ni kiasi gani kwa jioni nzima. Eleza pia unachokijua tayari. Mtu akisema mama yake ni mshonaji na angependa kuona jinsi vitambaa vya hariri vinavyofumwa katika mtaa wa Nishijin, Kyoto, atapelekwa mahali tofauti na yule aliyeomba "kitu cha utamaduni". Ukishathibitisha, usibadilishe. Kughairi siku ya mwisho kunamwumiza mshenga kuliko kunavyokuumiza wewe, na mwakani mlango ule hautafunguka tena kwa mgeni wake.

Sasa tuseme mlango umefunguka. Ondoa kwanza fikra za sinema. Geisha, ambao Kyoto huitwa geiko, na wanagenzi wao maiko, ni wasanii waliosomea ngoma, muziki na mazungumzo kwa miaka. Maiko ni binti wa umri wa kati ya miaka 15 na 20 hivi, nywele ni zake mwenyewe na mkanda wake mrefu huning'inia mgongoni; geiko amekomaa, huvaa nywele za bandia na mavazi yaliyotulia zaidi. Jioni huwa na chakula, ngoma fupi zinazosindikizwa na shamisen, ala ya nyuzi tatu, kisha michezo ya mezani ambayo watu wazima huicheza kwa kicheko cha watoto. Malipo huhesabiwa kwa muda. Zamani muda huo ulipimwa kwa vijiti vya ubani vilivyoteketea. Usiguse kimono ya mtu, usipige picha kabla ya kuomba, na usiulize maisha ya faragha. Uliza ngoma ile inasimulia nini. Hapo utamwona msanii anachangamka.

Ukikosa mshenga, usikate tamaa wala usiwakimbize maiko vichochoroni na simu mkononi. Wageni walifanya hivyo kiasi kwamba mwaka 2024 wakazi wa Gion waliwazuia watalii kuingia katika vichochoro vya binafsi, na mabango yalitangaza faini ya yeni 10,000. Nenda kwenye maonyesho ya wazi. Kila mwezi wa Aprili wasanii wa sehemu ya Gion iitwayo Gion Kobu hucheza Miyako Odori, onyesho lililoanza mwaka 1872, na mwezi wa Mei mtaa wa Pontocho una Kamogawa Odori. Nunua tiketi ya daraja la juu, inayojumuisha chai kabla ya onyesho. Kwa gharama ndogo utaona ngoma nyingi kuliko aliyelipia chumba cha faragha.

Kabla ya kwenda mbali, neno kuhusu ratiba. Kosa kubwa la msafiri tajiri ni kununua kila kitu: Tokyo siku mbili, Hakone moja, Kyoto mbili, Osaka, Hiroshima, nyumbani. Anarudi na picha za vituo vya treni. Chagua mji mmoja, wa pili ukipenda, na sanaa mbili au tatu. Kyoto ilikuwa makao ya mfalme tangu mwaka 794 hadi karne ya 19, na karibu kila sanaa ya jadi ina makao yake makuu pale, lakini imefurika wageni, hasa wakati wa maua ya micheri mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na wakati wa majani mekundu mwezi wa Novemba. Kwa maoni yangu, anayependa kazi za mikono kuliko mahekalu aanzie Kanazawa. Watawala wa ukoo wa Maeda waliwekeza utajiri wao katika mafundi, na hadi leo karibu dhahabu yote ya karatasi nyembamba inayotumika Japani hutengenezwa huko. Kutoka Tokyo ni saa mbili na nusu hivi kwa treni ya mwendokasi, njia iliyofunguliwa mwaka 2015. Mtaa wake wa Higashi Chaya una nyumba ya Shima, ochaya ya mwaka 1820 ambayo sasa ni makumbusho. Ukiingia utaona ndani ya nyumba hizi bila kumsumbua mtu.

Kama una muda wa sanaa moja tu, chagua chai. Nasema hivi kwa sababu ndani ya chumba kimoja cha chai utakuta ufinyanzi, uandishi wa brashi, upangaji wa maua, useremala, mapishi, ubani na bustani, vyote vikiwa kazini badala ya kuwa nyuma ya kioo. Mtu aliyeipa chai sura yake ya utulivu na unyenyekevu ni Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591 kwa kujiua kama alivyoamriwa na mtawala Toyotomi Hideyoshi, ambaye alikuwa bosi wake na mwanafunzi wake kwa pamoja. Vitukuu wake ndio waanzilishi wa shule tatu kubwa za Kyoto: Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke. Chumba cha chai kinachohusishwa na Rikyu, kiitwacho Taian, kipo Yamazaki, nje ya Kyoto. Ukubwa wake ni mikeka miwili. Mlango wa vyumba vya namna hii ni mdogo, mgeni huingia kwa kuinama na kutambaa kwa magoti, na zamani samurai aliacha upanga wake nje. Bwana na mtwana waliingia kwa namna moja.

Jihadhari na kinachouzwa. Mjini Kyoto utapata "sherehe ya chai" ya dakika arobaini na tano, kimono ya kukodi na picha juu yake. Haina ubaya kwa kuonja. Kinachostahili fedha zako ni chaji, mwaliko kamili wa saa nne hivi: mwenyeji anapanga makaa mbele yenu, mnakula mlo mwepesi wa kaiseki, mnatoka bustanini kupumzika, mnarudi na kunywa kwa zamu chai nzito kutoka bakuli moja, kisha kila mtu anapewa chai nyepesi yake. Omba chaji ya watu wachache, na omba mkalimani aliyesomea chai. Nalitilia mkazo hili. Kiongozi wa watalii wa kawaida, hata awe na leseni na lugha safi, atakutafsiria maneno tu. Aliyesomea chai atakunong'oneza kwamba kijiko cha mwanzi cha kuchotea chai unachokishika kimechongwa na mtawa fulani na kimepewa jina la msimu ule, na ghafla kijiti cha mwanzi kinakuwa na hadithi.

Maandalizi yako ni madogo lakini yanaonekana. Vaa soksi nyeupe safi, au beba jozi ya kubadilisha mlangoni. Vua saa na pete, maana bakuli unaloshika huenda lina miaka mia nne na almasi hukwaruza. Usijipake manukato, chumba kina ubani wake. Nguo isiwe fupi wala ya kubana, kwa kuwa utapiga magoti. Kitamu huliwa kwanza chote, ndipo chai inywewe. Ukibakiza kipande cha kunywea chai umeharibu mpangilio. Bakuli ukiletewa, liweke kwenye kiganja cha kushoto, inamisha kichwa kidogo, lizungushe kidogo ili usinywee upande wake wa mbele, kunywa, kisha litazame. Kulitazama ni sehemu ya adabu, na mwenyeji anangoja swali lako. Magoti yakikushinda sema mapema, kwa sababu ipo namna ya kuhudumia chai kwa meza na viti, iliyobuniwa na shule ya Urasenke mwaka 1872 kwa ajili ya wageni wa kigeni waliokuja kwenye maonyesho ya Kyoto. Hakuna anayekudharau kwa kuiomba.

Malazi nayo ni sanaa, na hapa ndipo bajeti kubwa hutumika vizuri au hupotea. Ryokan ni nyumba ya wageni ya jadi: sakafu ya mikeka ya tatami, milango ya karatasi ya kuteleza, bustani, na bafu la maji ya moto, mara nyingi ya chemchemi. Kyoto zipo Tawaraya, yenye zaidi ya miaka mia tatu, na Hiiragiya ya mwaka 1818, ambazo zinatazamana katika mtaa mmoja. Huko Shuzenji, rasi ya Izu, ipo Asaba, iliyoanza karne ya 15, ambayo ina jukwaa la maigizo ya Noh lililosimama juu ya bwawa mbele ya vyumba. Nishiyama Onsen Keiunkan ya mkoa wa Yamanashi inasema ilianzishwa mwaka 705. Bei hutajwa kwa kila mtu, wala si kwa chumba, na hujumuisha chakula cha jioni na cha asubuhi. Katika nyumba za ngazi hii huvuka kwa urahisi yeni 60,000 kwa mtu kwa usiku. Tangu Machi 2026 jiji la Kyoto linatoza pia kodi ya malazi inayofika yeni 10,000 kwa mtu kwa usiku katika vyumba vya bei ya juu kabisa. Iweke kwenye hesabu yako.

Mgeni wa ryokan anatakiwa afike mapema. Saa tisa au saa kumi alasiri uwe umeshafika, kwa kuwa kuna chai ya kukaribishwa, kuna kuoga, na chakula cha jioni huletwa saa kumi na mbili au saa moja, sahani baada ya sahani, kila moja ikiwa imepangwa kwa msimu. Ukifika saa tatu usiku umelipia godoro. Viatu vinaishia mlangoni, kandambili za ndani haziingii kwenye mikeka, na kandambili za chooni hubaki chooni. Kwenye ile sehemu ya ukutani iliyoinuliwa yenye picha na ua moja usiweke sanduku lako, wala mkoba wa mkononi. Vazi la pamba utakalopewa hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti. Mizigo mikubwa itume siku moja kabla kwa huduma ya kusafirisha mizigo kutoka hoteli hadi hoteli, nawe panda treni na begi dogo. Huduma hii ni nafuu na haikosei. Tajiri anayeburuta masanduku manne kwenye jukwaa la treni anajitesa bure.

Kuna jambo linalowahusu wengi wa wasomaji wa pwani, Unguja, Pemba na ndugu zetu wa Muscat. Mapishi ya kaiseki, yaani milo hii ya sahani baada ya sahani, hutumia sana mirin na sake, vinywaji vya mchele vyenye kilevi, ndani ya michuzi ambako huvioni. Hata chakula cha watawa kisicho na nyama wala samaki kinaweza kuwa navyo. Mwislamu asiseme tu "sili nguruwe". Aandike wazi, wiki kadhaa kabla, kwamba hataki pia pombe ya kupikia, na aulize kama jikoni linaweza. Nyumba nzuri itajibu kwa ukweli, na baadhi zitasema haziwezi. Jibu hilo liheshimiwe. Mpishi anayekataa ni bora kuliko anayekubali halafu anabahatisha. Kuhusu bafu, la pamoja huogewa uchi kabisa, wanaume kwao na wanawake kwao, baada ya kujisugua na kujisuuza kwanza pembeni. Usiyependa hivyo chukua chumba chenye bafu lake la nje, au omba bafu la faragha la kukodi kwa saa. Hapa fedha zinasaidia kwelikweli.

Zipo pia sehemu ambako utajiri haukusaidii chochote, na ni vizuri kuzijua ili usimsumbue mshenga wako. Jumba la Katsura, makazi ya mapumziko ya ukoo wa kifalme yenye bustani ambayo wasanifu majengo wa dunia nzima huihiji, liko chini ya idara ya kasri ya mfalme. Waziri na mwalimu wa shule huomba nafasi kwa utaratibu mmoja na hutembezwa kwa kundi. Hekalu la Saihoji, maarufu kwa bustani ya mimea midogo ya kijani iliyotandaa kama zulia, nalo halimpokei mtu bila kuomba nafasi mapema. Omba mwenyewe, kwa tarehe, na ufike kabla ya saa.

Kuhusu maigizo, usijitie ushujaa. Noh, iliyokomazwa na Kan'ami na mwanawe Zeami katika karne ya 14 na 15, huenda polepole sana na kwa lugha ambayo Mjapani wa kawaida mwenyewe haielewi vizuri. Soma kisa chake mchana, na nenda jumba la taifa la Noh la Tokyo, ambalo viti vyake vina skrini ndogo za tafsiri. Usingizi ukikuchukua, hutakuwa wa kwanza. Kabuki ni shamrashamra: rangi, mapigano, mashabiki wanaoita majina ya wasanii kwa sauti, na waigizaji wote ni wanaume, hata wa nafasi za wanawake, tangu wanawake walipopigwa marufuku jukwaani mwaka 1629. Kabukiza ya Ginza, ambayo jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2013, ina viboksi vya pembeni vyenye meza ndogo na chai, vichukue hivyo. Asiye na saa nne za kukaa anunue tiketi ya tendo moja, ghorofa ya juu. Mpenda mieleka ajue kwamba mashindano makubwa ya sumo ni sita kwa mwaka, siku 15 kila moja, na Tokyo huyapokea Januari, Mei na Septemba.

Narudi kwa mafundi, maana hapo ndipo msafiri mwenye uwezo anapoweza kuwa na manufaa zaidi ya kutazama. Serikali ya Japani huwateua mafundi na wasanii wachache kuwa walinzi wa sanaa zao, na watu huwaita hazina za taifa zilizo hai. Kumtembelea mmoja wao kunawezekana kwa mshenga, lakini karakana ya fundi wa kawaida mara nyingi inafundisha zaidi, kwa sababu ana muda na anauza. Uliza kila mara: hiki ninachofundishwa ndicho mnachofanya wenyewe? Chukua mfano wa kintsugi, kuunga vyombo vilivyovunjika kwa mstari wa dhahabu. Darasa la saa mbili hutumia gundi ya kiwandani na mara nyingi unga wa rangi ya dhahabu. Kintsugi halisi hutumia urushi, utomvu wa mti unaogandia kwenye unyevu, tabaka moja baada ya jingine, kwa wiki na miezi. Ni heri ulipie kumtazama fundi wa kweli akifanya hatua moja, umwachie bakuli lako, akutumie likikamilika. Utomvu ule ukiwa mbichi huwasha ngozi vibaya, kwa hiyo usishangae akikukataza kuugusa.

Urushi huohuo ndio unaopakwa kwenye vyombo vya mbao vya Wajima, kwenye rasi ya Noto, kaskazini mwa Kanazawa. Siku ya kwanza ya mwaka 2024 tetemeko kubwa liliipiga rasi hiyo, moto ukateketeza eneo la soko la asubuhi la Wajima, na karakana nyingi zikapotea pamoja na zana na akiba ya mbao. Ukitaka kununua chombo kimoja tu cha bei Japani, nunua cha Wajima, kutoka kwa fundi wa Wajima. Bakuli la supu lililopakwa vizuri litatumika miaka mingi na likichakaa hupakwa upya.

Ukinunua kazi ya mfinyanzi, chukua na sanduku lake. Bakuli la msanii hutolewa na kisanduku cha mbao kilichoandikwa kwa wino jina la chombo na la aliyekitengeneza, na mhuri wake. Wageni wengi hukitupa hotelini ili kupunguza mzigo. Bila kisanduku kile, thamani ya chombo hushuka na ushahidi wa asili yake hupotea. Na anayetamani upanga afahamu kwamba wahunzi wake wana leseni na sheria inawawekea kikomo cha panga ndefu mbili kwa mwezi, kwamba kuutoa nchini kunahitaji kibali cha idara ya utamaduni, na kwamba forodha ya kwenu ina maneno yake pia. Makumbusho ya panga ya Osafune, mkoa wa Okayama, yatakuonyesha wahunzi kazini bila usumbufu huo.

Kipo kitu kimoja ambacho Mswahili atakielewa haraka kuliko Mzungu yeyote: kodo, sanaa ya ubani. Malighafi yake ni udi, mti uleule wenye utomvu kutoka kusini mashariki mwa Asia ambao bibi zetu wanauweka kwenye chetezo. Tofauti ni kwamba hapa udi hauchomwi. Kipande kidogo mno huwekwa juu ya kisahani chembamba cha ulanga, juu ya jivu lililofukia kaa la moto, na kikombe huzungushwa mkono kwa mkono, kila mtu akivuta harufu taratibu. Katika mchezo mmoja huletwa vikombe vitano, na wewe unaandika vipi vinafanana. Michoro ya majibu inayowezekana ni 52, kila mmoja na jina lake. Omba kodo kwa mshenga wako. Wageni wachache huiomba, wenyeji hufurahi, na pua yako imeshasoma shule.

Usiende mikono mitupu. Zawadi ndogo iliyofungwa vizuri hutangulia mazungumzo, na kwa bahati nzuri tunayo inayojulikana: kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina la Kilimanjaro, na hata mzee wa kijijini analifahamu. Beba pakiti kadhaa zilizofungwa kiwandani, toa kwa mikono miwili. Bahashishi haitolewi. Ukitaka kumshukuru mhudumu wa ryokan aliyekuhangaikia, weka noti mpya ndani ya bahasha ndogo mkiwa mnaingia, na akikataa usimlazimishe. Noti iliyokunjwa na kusukumwa mkononi ni aibu kwenu wote wawili.

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza, na ubalozi utataka kuona ratiba na uthibitisho wa malazi, kwa hiyo kazi ya mshenga na kazi ya viza ziende pamoja. Na bajeti ikikubana, punguza usiku wa hoteli ya ghorofani Tokyo, punguza daraja la treni, punguza hata ryokan iwe usiku mmoja. Mkalimani aliyesomea sanaa yenyewe usimguse.